Baisikeli ya Milima

Wenzangu niliosoma nao bila shaka wanaikumbuka baisikeli ya mpishi wetu, ile nyeusi yenye keria pana, ambayo tulikuwa tukiiazima Jumamosi jioni kwa ujira wa kumchotea maji. Wengi wetu tulijifunzia pale, mguu mmoja ukipita chini ya bomba kwa kuwa tulikuwa wafupi. Mimi nilianguka kuliko wote, na pengine ndiyo sababu nikaja kuipenda baisikeli kuliko wote. Mhariri ameniomba niandike habari za kazi yangu huku Bujumbura. Walakini kazi yangu ni kuandika hesabu za mizigo, nayo haina neno la kumfurahisha msomaji. Kwa hiyo naomba radhi, nitaandika habari za baisikeli.

Mji wa Bujumbura umelala ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pembe ya kaskazini-mashariki. Upande wa ziwani nchi ni sawa kama meza, lakini ukigeuza uso mashariki unaiona milima imesimama kama ukuta. Ziwa liko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya kwanza, iendayo Kayanza na mpaka wa Rwanda, huupanda ukuta huo mpaka Bugarama, mahali palipopita meta 2,000. Mwendo wenyewe ni kilometa kama 35, na karibu wote ni kupanda. Mtu akiondoka mjini jasho likimtoka, akifika Bugarama hutafuta koti.

Barabara hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu ya pili. Nilikuwa na baisikeli ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na matairi membamba kama kidole, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akirudi kwao. Kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa njiani pamoja na wenzangu watatu. Siku ya afya njema nilifika Bugarama kwa muda wa saa mbili na robo. Nilijua uzito wa kila bolti ya baisikeli ile, na watu walipotaka kununua baisikeli kuukuu walinijia mimi kuuliza shauri. Nami, kusema kweli, nilipenda kuulizwa.

Barabara hiyo ina mabingwa wengine ambao hawajapata kombe hata moja. Hao ni wachukuzi wa ndizi na makaa. Hupanda mlima kwa kushika mkia wa lori, kisha huteremka na mikungu ya ndizi mingi hata baisikeli yenyewe haionekani, wakienda kasi ya kutisha. Wengine breki yao ni kisigino cha ndara kilichokanyagishwa kwenye tairi. Sisi wenye kofia ngumu na nguo za kubana tulikuwa tukiwapita tunapopanda, nao wakitupita tunapoteremka.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili 2023, mvua ikiwa imetoka kunyesha, nilikuwa nikiteremka. Kwenye kona lori moja likataka kulipita jingine, na nafasi iliyobaki kwangu ilikuwa mfereji. Nikaingia mfereji. Nilipofumbua macho gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama chapati, na mtulinga wangu umevunjika. Mchukuzi mmoja wa ndizi, aliyekuwa nyuma yangu, alifaulu kusimama mbele sana, akauegemeza mzigo wake kwenye mti, akarudi kwa miguu kuja kuniketisha. Hakuniacha mpaka wenzangu walipofika. Jina lake sikupata kuliuliza, na jambo hilo naona haya nalo hata leo.

Mama yangu hakunigombeza. Alikaa kando ya kitanda, akasema, "Mwanangu, nimekwisha kumzika baba yako. Sina nguvu ya kuzika tena. Ile barabara niachie." Nikasema, "Nimekuachia, mama." Lakini gurudumu nililitengeneza, na baisikeli ya mbio nikaitundika ukutani juu ya kitanda changu, imepigwa kitambaa ikang'aa. Mama aliitazama, asiseme neno.

Basi nikaanza kufikiri habari ya baisikeli ya milima. Nyuma ya mji, toka Kanyosha kuelekea kusini mpaka ng'ambo ya mto Mugere, kuna vijia vya udongo vipitavyo katikati ya michikichi, mihogo na migomba, ambako lori haliwezi kufika. Huko Mugere, kiasi cha kilometa 12 kutoka mjini, ndiko liliko jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871. Nikajisemea kwamba mtu aliyezoea kupanda Bugarama hashindwi na vijia vya wakulima.

Nilisoma pia habari za asili ya baisikeli hizo, na habari yenyewe ikanipa kiburi zaidi. Zilianza kwa vijana wa Marin, karibu na San Francisco huko Marekani. Mwaka 1976 walianza kushindana kuteremka mlima katika njia ya vumbi wakitumia baisikeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene. Breki zao zilikuwa ndani ya hab ya nyuma, zikipata moto mpaka grisi ikaungua, hata kila safari ikawalazimu kuzipakia grisi upya. Kwa ajili hiyo shindano lao likaitwa Repack, maana yake kupakia tena. Tena baadhi yao, kama Gary Fisher na Joe Breeze, walikuwa wapanda baisikeli za mbio. Miaka 20 baadaye, yaani 1996, mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta. Na hapa jirani, Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyejulikana kwa mbio za barabarani, alikwenda Olimpiki ya London mwaka 2012 akashindana kwa baisikeli ya milima, naye ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Nikaona kwamba njia imekwisha fyekwa, kazi yangu ni kupita tu.

Kazini tulikuwa tukicheza upatu, nao ulinifikia mwezi wa Agosti, faranga 1,200,000. Katika fedha hizo 500,000 zilikuwa za mdogo wangu wa kike, ada ya chuo cha uuguzi iliyotakiwa mwezi wa Oktoba. Nilikuwa nimemwahidi mbele ya mama.

Wakati ule petroli ilikuwa adimu mjini, na kila mtu akitafuta baisikeli, kwa hiyo bei zilikuwa zimepanda. Nikaenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi, ambako ukikosa kipuri cha chombo chochote basi labda hakijatengenezwa duniani. Si mbali na soko la Ruvumera nikaonyeshwa baisikeli moja iliyotoka Ulaya, rangi ya buluu, ina springi mbele na nyuma. Mbele, miguu ya uma inaingia na kutoka kama pampu. Nyuma, fremu imekatwa na kuungwa kwa maungio yanayocheza, na katikati imewekwa shokapu fupi ya hewa. Mwenye mali alitaka 1,000,000. Nikaizunguka kama daktari. Niliinyanyua nijue uzito, nikazungusha magurudumu kuona kama rimu zimenyooka, nikabadilisha gea zote, nikabana breki za diski. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikakaa juu yake, nikajitikisa, ikanibeba kama godoro. Tukashindana bei mpaka 850,000. Aliyekuwa pamoja nami alisema, "Tungemwita fundi aitazame." Nikacheka. Fundi wa nini, na mimi nipo?

Ilikuwa imenizidi faranga 150,000 juu ya nilizokusudia, lakini nilihesabu kwamba mishahara miwili itaziba pengo. Usiku ule nililala mtu mwenye furaha. Asubuhi nilipokaa juu ya baisikeli, sehemu ya nyuma ilizama mpaka chini, ikagonga chuma kwa chuma. Shokapu ilikuwa haina hewa hata chembe. Yule mwuzaji alikuwa ameijaza kabla sijafika, nayo ilikuwa na uwezo wa kushika hewa kwa saa chache tu.

Nilirudi kwake, akaniambia kweli tupu: uliitazama mwenyewe, ukaridhika mwenyewe. Sikuwa na la kujibu. Nikampa mtu mmoja aliyedai kuziweza shokapu, akatia mipira ya pampu ya pikipiki, ikavuja. Akatia mingine, ikavuja. Faranga 200,000 zikaenda namna hiyo. Bei za vitu nazo zilipanda, mishahara ile miwili ikaliwa na unga na mafuta. Kufika Oktoba nilikuwa na 150,000 mkononi.

Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Buyenzi, fundi wa baisikeli tangu ujana wake. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaisimamisha baisikeli juu ya meza. Hakutazama gea wala rimu. Alishika kiti kwa vidole viwili, akakiinua polepole, gurudumu likiwa bado limegusa meza. Nikasikia sauti ndogo: ko, ko.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, mzee."

"Hayo ni maungio. Beringi zimelika. Hii si baisikeli moja, mwanangu, ni mbili zilizofungwa kwa bawaba. Mwenye kununua mlango haangalii mbao peke yake. Wewe umeiangalia kwa macho ya barabarani."

Kisha akaniuliza swali lililoniumiza kuliko hasara yenyewe. Aliuliza kama sikusoma shule, nikajua kule shuleni hewa hufundishwa. Kwa kweli ilifundishwa, nasi wa mwaka ule tuliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ni kanuni ya Boyle, ya mwaka 1662: hewa iliyofungwa, ukiibana hata ikakaa nusu ya nafasi yake, msukumo wake huwa mara mbili, maadamu joto halikubadilika. Shokapu ya hewa haina siri nyingine. Mtu akikaa, hewa hubanwa kidogo. Akiruka jiwe, hubanwa sana, ikasukuma kwa nguvu zaidi. Lakini kanuni inaanza kwa neno "iliyofungwa". Hewa ikiwa na pa kutokea, Boyle hana msaada. Mimi nilipata alama nzuri katika mtihani huo, na uani kwa mwuzaji sikuukumbuka hata kidogo.

Jioni ile niliwaeleza mama na mdogo wangu ukweli wote. Mama alinyamaza. Mdogo wangu akasema kwa upole, "Si neno, kaka. Nitasubiri mwaka ujao." Kama angelia au angenitukana ningepata nafuu. Nilikwenda chumbani, nikakaa kitandani, nikainua macho, na pale juu ukutani ilikuwako baisikeli ya mbio inang'aa.

Wasomaji, hapo ndipo nilipoiona ahadi yangu ilivyokuwa. Nilimwambia mama nimemwachia barabara, na kumbe nilikuwa nimeiweka akiba juu ya kichwa changu. Niliitembelea kwa kitambaa kila Jumapili. Na hiyo ya buluu nilitaka kuinunua kwa haraka, bila kuuliza, kwa kuwa sikutaka kukubali kwamba sasa mimi ni mwanafunzi tena.

Baada ya siku mbili niliiuza baisikeli ya mbio, faranga 900,000. Mnunuzi alitaka kujua kila kitu, nami nikamweleza kila kitu, pamoja na habari ya mfereji na gurudumu lililokunjika. Nikamwambia aende na fundi. Ada ya chuo ikalipwa yote siku ile ile. Mama alipouona ukuta mtupu alisema neno moja tu: "Sasa nimeamini."

Ikabaki ile ya buluu. Yule mzee alibadilisha beringi, kisha akapima urefu wa shokapu toka tundu hata tundu, akapata milimeta 190. Akakata kipande cha chuma cha urefu huo huo, akakitoboa mwanzo na mwisho, akakifunga mahali pa shokapu. "Sasa mgongo wake hauchezi," akasema. "Itakutikisa, itakufundisha. Usiruke nayo."

Ilinifundisha kweli. Siku ya kwanza, katika kijia cha juu ya Kanyosha, nilifanya yote kwa desturi ya barabarani. Matairi nilikuwa nimeyajaza mpaka yakawa magumu kama mawe, kwa kuwa baisikeli ya mbio nilizoea kuitia ratili 100 kwa inchi ya mraba. Yakawa yanarukaruka juu ya kokoto badala ya kuzishika. Kiti nilikiweka juu. Nilipokuta mteremko nikabana breki ya mbele kwa nguvu, nikapita juu ya usukani, nikatua katika shamba la mihogo. Watoto wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walinicheka, kisha wakanisaidia kukusanya viatu vyangu.

Polepole nikajifunza. Matairi manene yatosha ratili 30 hivi, yapate kulalia udongo. Katika mteremko kiti hushushwa, pedeli huwekwa sawasawa kama mizani, mtu akasimama juu yake magoti na viwiko vimelegea, uzito ukirudi nyuma. Breki hubanwa kidogo kidogo, kwa kidole kimoja. Na macho yatazame mahali unapotaka kwenda, maana ukilitazama jiwe utalifuata. Barabarani nilizoea kukaa kimya juu ya kiti nikazungusha miguu tu. Mlimani mwili wote hufanya kazi, na mtu mwenyewe ndiye springi ya kwanza.

Mwaka uliofuata binamu yangu alitoka Ubelgiji, akaniletea kifuko cha mipira ya ndani ya shokapu, ile yenyewe hasa, pamoja na pampu ndogo ya msukumo mkubwa. Maana shokapu hutaka ratili 150 au hata 200, na hewa yenyewe ni kidogo sana, ambayo pampu ya kawaida haiwezi kuipima. Mzee aliifungua, akaisafisha, akaifunga. Tukaijaza, na kwa amri yake tukaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa bado imesimama. Nilipokaa juu yake ilizama kiasi cha robo ya mwendo wake, kama inavyotakiwa, ikasimama hapo.

Kwa ajili ya wanafunzi watakaonunua baisikeli ya namna hiyo iliyokwisha tumiwa, nawaandikia aliyonifundisha mzee. Kwanza mwambie mwenye mali aioshe, kwa kuwa matope huficha ufa. Tazama kila mahali palipochomelewa, hasa karibu na maungio, na mstari mwembamba kama unywele usiupuuze. Rangi mpya mahali pamoja peke yake iulizie sababu. Inua kiti polepole usikilize. Miguu ya uma wa mbele iwe laini, maana mkwaruzo mmoja hukata mipira ya ndani na mafuta yakavuja. Jaza shokapu, kisha omba kurudi kesho. Mwuzaji akikataa kesho, nawe ikatae baisikeli. Pima cheni: vipingili 24 vikiwa vipya urefu wake ni inchi 12 kamili, na vikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Uliza ukubwa wa magurudumu, kama ni inchi 26, 27.5 au 29, ujue kama matairi yake yanapatikana mjini kwenu. Kaa juu yake uone kama yakufaa, wala usitegemee kipimo cha baisikeli yako ya mbio, kwani vipimo hivyo havilingani. Na zaidi ya yote, nenda na fundi, hata kama wewe mwenyewe huulizwa shauri na watu.

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Niliyatazama nyumbani pamoja na mama na mdogo wangu, ambaye sasa anakaribia kumaliza chuo. Waendeshaji walipopanda vilima vile miguu yangu ilitetemeka kwa hamu, siwezi kusema uongo. Mama aliniangalia kwa pembe ya jicho. Nikamwambia, "Natazama tu, mama," naye akacheka.

Kile kipande cha chuma cha milimeta 190 mzee alinirudishia. Kiko juu ya meza ninapoandika, kinazuia karatasi zisipeperushwe na upepo wa ziwani. Jumapili asubuhi bado naondoka saa kumi na mbili, lakini nikifika njia panda ya barabara kuu ya kwanza huwa nasimama kidogo, nikiwatazama wachukuzi wa ndizi wanaoingia mjini. Bado namtafuta mmoja wao nimwulize jina lake. Kisha nageukia njia ya kusini, ya udongo.